Zebaki Haitoki kwa Ndimu

"Mtaalamu, nikimsugua kwa ndimu na chumvi, nikamkaanga mpaka akauke, si sumu yote inatoka?" Mama mmoja aliniuliza hivyo mwaloni Kirumba, Mwanza, wakati nakata mnofu wa mgongoni mwa sangara ili nikaupime maabara. Sangara mwenyewe alikuwa mrefu kuliko mtoto aliyebebwa mgongoni na mama huyo.

Haitoki. Ndimu huondoa shombo na moto huua vijidudu, lakini zebaki, metali yenye sumu, imeshikamana na protini ya mnofu wenyewe. Ukimbanika au kumkausha, maji ndiyo yanayopotea, kwa hiyo kilo moja ya samaki mkavu huwa na zebaki nyingi kuliko kilo ya mbichi. Wala pua haitakusaidia, maana samaki mwenye zebaki ananukia kama mwenzake.

Kwa sehemu, zebaki hiyo inatoka kwenye mialo mingine, ile ya kuchenjulia dhahabu (neno ni moja, wavuvi na wachimbaji wanagawana). Mchimbaji mdogo huchanganya mchanga uliosagwa na zebaki ili inase dhahabu, hukamua donge kwa kitambaa, kisha hulichoma. Mvuke hupaa na baadaye kushuka na mvua, huku marudio, yaani mabaki ya mchanga huo, yakisombwa mpaka mitoni. Kwenye tope la chini, bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, aina nyingine ya zebaki, na hapo ndipo inapoingia kwenye chakula. Mdudu wa majini anaila, dagaa anamla mdudu, sangara anamla dagaa, na sangara mkubwa anamla sangara mdogo. Kila hatua kiasi kinaongezeka. Sato anayekula mwani yuko chini kwenye ngazi hiyo, ndiyo maana kwa kawaida huwa na zebaki kidogo.

Je, tuache samaki? Hapana, na nasikitika kila nikisikia mjamzito ameambiwa hivyo. Vipimo vingi vya Ziwa Viktoria vimekuta samaki walio wengi wako chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumika sana kimataifa. Wanaokikaribia au kukivuka ni sangara wakubwa.

Tufanye hesabu. Mwaka 2003 kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliweka ukomo wa mikrogramu 1.6 za methilizebaki kwa kila kilo ya uzito wa mlaji kwa wiki. Mama wa kilo 60 anapata mikrogramu 96, na miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Kama samaki ana miligramu 0.5 kwa kilo, ukomo huo unafikiwa kwa gramu 190 hivi, yaani kipande kimoja kikubwa kwa wiki nzima. Kama ana 0.05, anaweza kula karibu kilo mbili. Mtoto wa kilo 15 kwa samaki yule wa kwanza anapata gramu 48 tu, matonge machache. Ubongo wa mtoto, hasa aliye tumboni, ndio unaoumia kwanza: huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa unaoletwa na zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, kuna mama walioonekana wazima au wenye dalili ndogo wakazaa watoto wenye ulemavu mkubwa.

Viuatilifu vina tabia tofauti. DDT na jamaa zake hukaa kwenye mafuta, hivyo kutoa ngozi, ini na mafuta ya tumboni kunapunguza, na mafuta yanayochuruzika wakati wa kubanika usiyarudishie kwenye mchuzi. Kuhusu uvuvi wa sumu, yaani kumwaga viuatilifu majini ili kuua samaki, msisahau kwamba mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa sababu hiyo. Ukiuziwa samaki kwa bei ya kutupa, uliza amevuliwa kwa kutumia nini na wapi. Muuzaji akibabaika, ondoka. Na samaki aliyepuliziwa dawa ya nzi usimguse, hata kama anang'aa.

Mama yule alinunua sato wawili na sado ya dagaa. Kichwa cha sangara akasema atampikia mumewe. Nikamuuliza mume ana kilo ngapi. "Themanini!" Basi na yeye ana mikrogramu zake 128.