Kukosa jina mtandaoni si kwamba babu hakuandikwa

Vijana wengi wa Mbeya na Iringa huandika jina la ukoo kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta kumbukumbu za ukoo, wakakosa, kisha wakaamini wazee wao hawakuandikwa popote. Si kweli. Ukitafuta kwa jina, tovuti ile huonyesha hasa kilichopigwa picha na kuorodheshwa, na vitabu vingi vya huku kwetu bado ni karatasi kabatini.

Anzia kanisani. Wamoraviani, wamisionari Waprotestanti kutoka Ujerumani, walifika Rungwe, Mbeya, mwaka 1891. Wabenediktini, watawa Wakatoliki, wakafungua misheni Tosamaganga, Iringa, kabla karne ya 19 haijaisha. Kitabu cha ubatizo kwa kawaida hutaja jina, wazazi, msimamizi na tarehe. Humo babu aliyejulikana kijijini kwa jina la kimila huenda ameandikwa Yohana, tena kwa tahajia ya Mjerumani aliyeandika alivyosikia. Ndiyo maana kutafuta jina moja mtandaoni humkosa.

Kwa hiyo mwulize bibi kwanza majina yote: la kuzaliwa, la ubatizo, hata la utani. Mwulize mwaka huu, angali anakumbuka! Intaneti itafaa baadaye, kwa mfano kuiandikia hifadhi ya nyaraka za Wamoraviani iliyoko Herrnhut, Ujerumani, ukitaja kituo cha misheni na miaka unayoitafuta.