Bolti mbovu imetoka mashine gani? Uwezekano wenye sharti kwa lugha ya kiwandani

Kwenye kiwanda chochote bidhaa mbovu ikirudishwa na mteja, cha kwanza utakachosikia ni "hiyo itakuwa mashine C tu", sababu kila mtu pale anajua C ni kimeo. Na mara nyingi wanakosea, sio kwamba C ni nzima, hapana, kimeo ni kimeo kweli, ila wamejibu swali ambalo hakuna aliyewauliza.

Maana hapa kuna maswali mawili. La kwanza: bolti ikitoka C, uwezekano wa kuwa mbovu ni kiasi gani? La pili: bolti mbovu hii hapa mkononi, uwezekano kwamba imetoka C ni kiasi gani? Ukisoma haraka unaona ni kitu kimoja. Sasa huo ndo unaitwa uwezekano wenye sharti, yaani uwezekano wa jambo fulani ukiwa tayari unajua jambo jingine limeshatokea, na la muhimu ni lipi umeshalijua. Kwenye swali la kwanza unajua mashine, unauliza ubovu. Kwenye la pili unajua ubovu, unauliza mashine.

Tuweke namba, bila namba hii kitu haiingii. Tuseme kiwanda kinatoa bolti 10,000 kwa wiki. Mashine A ndo kubwa inatoa 7,000, B inatoa 2,000, C inatoa 1,000. Ubovu: A asilimia 1, B asilimia 2, C asilimia 4. Kwa hiyo C ni mbaya mara nne ya A, hapo hamna ubishi. Haya hesabu zile mbovu zenyewe: A inatoa mbovu 70, B 40, C 40, jumla 150. Sasa changanya zote 150 kwenye ndoo moja, ingiza mkono utoe moja. Uwezekano kwamba ni ya A ni 70 kwa 150, kama asilimia 47. Ya C ni 40 kwa 150, karibu asilimia 27 tu, sawasawa na B ambayo hakuna anayeisema vibaya. Yaani mashine bora kuliko zote pale ndo inaongoza kwa kuleta malalamiko, kwa sababu tu ndo inayofanya kazi nyingi.

Njia yenyewe haina zaidi ya hapo. Unachukua mgao wa kila mashine kwenye uzalishaji, unazidisha na kiwango chake cha ubovu, alafu unagawanya na jumla ya mbovu zote. Watu wa takwimu wanaiita kanuni ya Bayes, kutokana na Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki 1761, na andiko lake likaja kutolewa 1763 na rafiki yake Richard Price, mwenyewe hakuwahi kuliona limechapwa. Wanafunzi wengi wanakutana nayo ikiwa imejaa alama za P na vimstari na wanaikimbia, lakini ukianza na vitu 10,000 ukavihesabu kama hivyo juu, huhitaji alama hata moja.

Kinachonifurahisha zaidi ni pale ushahidi unapoongezeka. Tuseme mteja kaleta katoni nzima, na unajua kila katoni inajazwa na mashine moja tu, kwa mgao uleule wa 7, 2 na 1. Unatoa bolti ya kwanza, mbovu. C ina asilimia 27 kama tulivyoona. Unatoa ya pili kutoka katoni hiyohiyo, nayo mbovu, sasa C imepanda mpaka karibu asilimia 52 na A imeshuka hadi 23. Ya tatu nayo mbovu? C karibu asilimia 74. Kwa nini inapanda hivyo, sababu A kutoa mbovu moja ni kawaida, ila kutoa tatu mfululizo ni bahati mbaya ya ajabu, na kwa C sio ajabu sana. Kwa hiyo yule jamaa wa "mashine C tu" anaweza kuja kuwa sahihi, ila kwa bolti ya tatu, sio ya kwanza. (Hii inashika kama ubovu wa bolti moja hausababishi wa nyingine. Kama kisu cha mashine kimevunjika katikati ya zamu basi zote zinazofuata zitakuwa mbovu, hiyo ni hesabu nyingine.)

Kisa kikubwa cha kweli cha kutafuta chanzo namna hii ni matairi ya Firestone huko Marekani. Tarehe 9 Agosti 2000 kampuni ilitangaza kuyarudisha matairi kama milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, kwa sababu ngozi ya juu ilikuwa inabanduka gari likiwa kwenye mwendo na gari linapinduka. Malalamiko yalipopangwa kwa kiwanda na kulinganishwa na idadi ya matairi kila kiwanda kilichotoa, kiwanda cha Decatur, Illinois, kikajitokeza vibaya, na ndo maana kwa aina ya Wilderness AT yaliyorudishwa mwanzoni ni yale ya Decatur. Iliwezekana kwa sababu tairi lina namba ya DOT (wizara ya uchukuzi ya Marekani) ubavuni na herufi za kwanza zinataja kiwanda, Decatur ilikuwa VD. Sisi huku tukinunua matairi ya mtumba tunakimbilia zile tarakimu nne za mwisho za wiki na mwaka, za kiwanda nani anaziangalia.

Na hapo pia maswali mawili yaleyale yakarudi. Decatur kuwa na kiwango kibaya haikumaanisha kila tairi lililobanduka ni la Decatur, na Mei 2001 Ford ikasema itabadilisha matairi mengine ya Wilderness AT milioni 13, yakiwemo ya viwanda vingine. Pia sehemu za joto ndo zilikuwa na matukio mengi, kwa hiyo ukijua kiwanda na ukajua tairi limetembea wapi, unapata jibu tofauti na ukijua kiwanda peke yake.

Sasa kwa vitendo, hesabu yote hii inategemea ule mgao wa mwanzo, na ndo sehemu watu wanalipua. Rudi kwa bolti zetu: tuseme wiki ile A ilikuwa kwenye matengenezo siku kadhaa ikatoa 2,000 tu, B na C zikavutwa mpaka 4,000 kila moja. Mbovu zinakuwa 20, 80 na 160, na C peke yake inabeba karibu asilimia 62 tangu bolti ya kwanza. Viwango vya ubovu havijabadilika hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kumfokea fundi wa mashine yoyote, angalia namba ya bechi kwenye katoni, alafu fungua daftari la uzalishaji la wiki hiyohiyo, sio la wastani wa mwaka mzima.