Kuacha pombe na wenzio: maswali mliyoniuliza Mtwara na Lindi

Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakianza kudondoka, kuanzia Tandahimba na Newala mpaka Ruangwa, uraka, pombe ya mabibo hayo, unapatikana karibu kila kijiji. Halafu minada ya korosho inaanza na hela zinaingia mkononi. Ndio wakati ninaoulizwa zaidi maswali haya. Nimechagua matano.

Shikamoo mama. Nataka kuacha pombe, nimeambiwa kuna vikao vya watu wanaoacha. Mimi niko Newala, nivitafute wapi?

Marahaba mwanangu. Usitafute kibao barabarani. Vikao hivi vinalinda siri za watu, kwa hiyo mara nyingi havijitangazi. Anzia hospitali ya wilaya, uliza huduma ya afya ya akili. Aliye Mtwara mjini aende Ligula, wa Lindi mjini aende Sokoine. Uliza hivi: "Kuna watu mliowatibu wakaacha pombe, na wanakutana?" Swali hilohilo mpelekee afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na mhudumu wa afya wa kijijini kwenu, maana huyo anajua nyumba kwa nyumba. AA (Alcoholics Anonymous), umoja mkubwa kuliko yote wa watu wanaoacha pombe, una vikao vya intaneti pia. Ukiwa na simu na bando unaingia.

Ukikosa kabisa, tafuta mtu mmoja. Nasema kweli, mmoja. AA yenyewe ilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, pale Bill Wilson, aliyekuwa mtu wa biashara ya hisa, alipokaa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wote wawili pombe ilikuwa imewashinda. Mpaka leo AA inahesabu watu wawili au watatu waliokutana ili waache kunywa kuwa ni kundi tayari. Huko Newala hukosi mwenzio aliyechoka kama wewe.

Nikienda kikaoni, niache pombe siku hiyohiyo?

Hapa naomba usome polepole. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue ndipo uweze kushika kikombe cha chai bila kumwaga, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako. Mwili umeshaizoea. Saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho unaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio na usingizi kukukimbia. Wengine hupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani au kusikia sauti. Si majini hayo, na hali hiyo inaua. Inatibika hospitali, kwa dawa zinazotuliza mwili na vitamini B1.

Ndugu, tafadhali msimfungie mgonjwa chumbani "mpaka pombe imtoke". Mpelekeni hospitali. Kikao hakichukui nafasi ya matibabu. Kinakuja kumshika mtu baada ya mwili kutulia, wiki kwa wiki.

Nitaulizwa nini huko? Naogopa mtaa mzima utajua.

Hulazimishwi kusema. Unaweza kukaa mkekani ukasema, "Leo nasikiliza tu," na inatosha. Hutoi kiingilio. Sharti la AA ni moja, kutaka kuacha kunywa. Anayeongea haingiliwi, na kinachosemwa hakitoki nje. Kijijini siri ni ngumu, najua, kwa hiyo kaeni mahali penye sababu nyingine ya kukutana, kama shambani au kituo cha afya siku ya kliniki. Na tuseme ukweli: kunywa kwako mtaa unakujua tayari.

Mimi ni Muislamu wa Mikindani. Hivi vikao si vya kanisa?

Hapana. AA haifungamani na dini yoyote. Inamtaja Mungu, lakini kila mtu kwa jinsi anavyomwelewa yeye. Kama kikao kimeazima ukumbi wa parokia, ni ukumbi tu. Mkiona ni vigumu, ombeni darasa la shule.

Mume wangu hataki kusikia. Na mimi je?

Dada, wewe pia una haki ya kikao. Familia za wanywaji zina umoja wao, Al-Anon, ulioanza mwaka 1951, na mtu huingia hata kama mnywaji mwenyewe hajaacha. Kumshawishi, mtume mjomba wake. Huku kwetu neno la mjomba lina uzito kuliko kelele za usiku wa manane. Aende asubuhi, mumeo akiwa hajanywa, na aende na jambo moja tu: "Twende wote hospitali Jumatatu."

Swali la sita limekuja jana, nami siwezi kuliacha. Kijana amekaa miezi mitano bila kunywa, kisha siku ya kulipwa korosho akanywa mpaka hela zikaisha. Anauliza atarudi kikaoni kwa uso gani. Kwa uso huohuo, mwanangu. Wengi waliokaa pale wameteleza kabla yako. Ila ukiwa umekunywa siku nyingi mfululizo, pita hospitali kwanza. Na msimu ujao, siku ya malipo usiende peke yako. Nenda na mwenzio wa kikao, hela mpe mama yako azishike, na mrudi kwa njia isiyopita kilabuni.