Jinsi maikro-RNA zinavyosaidia kugeuza astrosaiti kuwa niuroni

Kiharusi na ugonjwa wa Parkinson huua niuroni, yaani seli za neva, na ubongo wa mtu mzima hauna uwezo wa kuzirudisha kwa kiwango cha kutosha. Astrosaiti, ambazo kazi yake ni kuzihudumia niuroni, hubaki, tena huongezeka penye jeraha. Ndiyo maana baadhi yetu watafiti tunatafuta njia ya kuzigeuza seli hizo saidizi, zilizopo tayari mahali panapohitajika, ziwe niuroni pasipo kupandikiza seli kutoka nje.

Katika kazi hiyo, maikro-RNA zina nafasi ya pekee. Kila moja ni uzi mfupi wa nyukleotidi (vipande vinavyounda RNA) takriban 22 usiotengeneza protini. Hujishikiza kwenye RNA-mjumbe, yaani nakala ya jeni yenye maelekezo ya kutengeneza protini, inayooana nao, na RNA hiyo ama huvunjwa ama huzuiwa isizalishe protini. Victor Ambros na Gary Ruvkun walioufichua utaratibu huu kwa minyoo mwaka 1993 walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Tuitazame kwa karibu maikro-RNA iitwayo miR-124, ambayo imejaa katika niuroni na ni haba katika astrosaiti. Mojawapo ya shabaha zake ni PTBP1, protini inayozuia RNA zisikatwe na kuungwa kwa namna ya niuroni. PTBP1 nayo huikinga REST, protini inayozima jeni za niuroni katika seli nyingine, kwa kuziba sehemu ambazo miR-124 ingejishikiza. Kwa hiyo PTBP1 ikipungua, miR-124 hupata nguvu zaidi, REST hudhoofika, na jeni zilizozimwa huanza kusomwa. Mwaka 2011, maabara ya Gerald Crabtree ilionyesha kwamba miR-124 pamoja na maikro-RNA nyingine, miR-9/9*, zinaweza kuzisukuma hata seli za ngozi ya binadamu kuelekea uniuroni, na kwamba mavuno huongezeka sana zikisaidiwa na protini kama NEUROD2.

Kwa maoni yangu, msaada huo ndio kiini cha jambo: maikro-RNA huondoa vizuizi, lakini aina ya niuroni itakayopatikana huamuliwa zaidi na protini zinazowasha jeni. Timu ya Ernest Arenas nchini Sweden iliunganisha miR-218 na NEUROD1, ASCL1 na LMX1A mwaka 2017, ikapata kutoka kwa astrosaiti seli zinazofanana na niuroni zinazotoa dopamini, kemikali ya kupeleka ishara ubongoni, zile zinazopotea katika Parkinson.

Hata hivyo, ushahidi lazima uwe thabiti. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba kupunguza PTBP1 peke yake kunageuza astrosaiti ndani ya ubongo wa panya. Mwaka uliofuata, maabara ya Chun-Li Zhang ilizitia astrosaiti alama ya kudumu kabla ya jaribio, na niuroni zilizodhaniwa kuwa mpya zikabainika kuwa zilikuwepo tangu mwanzo, kwa kuwa virusi vilivyobeba jeni ya kung'arisha seli vilikuwa vimezing'arisha nazo pia. Tangu hapo, ninaposoma dai lolote la ugeuzaji, kwanza natafuta alama hiyo ya asili ya seli, kisha rekodi za umeme zinazothibitisha kwamba seli inapeleka ishara.