Shahamu ndani ya mnofu: maswali ya buchani kuhusu nyama na misuli yetu

Haya yalianzia kwenye bucha moja hapa Chake Chake. Mwenye bucha alikuwa akipasua nundu, na kijana mmoja aliyetoka Unguja, anayefanya kazi jikoni hotelini, akaanza kutusimulia nyama ya Kijapani yenye mistari myeupe kama marumaru. Kipande kimoja, anasema, bei yake mbuzi mzima. Watu wakanigeukia mimi, maana wanajua kazi yangu ni mazoezi ya viungo kwa wagonjwa. Maswali yakaendelea hata nyama ilipokwisha.

Hiyo mistari myeupe ni kitu gani?

Ni shahamu iliyojipenyeza kati ya nyuzi za msuli. Tusiichanganye na ile ya chini ya ngozi, wala ile inayofunika figo ambayo mchinjaji huibandua kwa mkono. Ng'ombe anaponenepa hujaza kwanza maghala hayo mengine. La ndani ya mnofu ndilo la mwisho. Wajapani wamechagua mbegu yao ya Wagyu miaka mingi kwa ajili ya mistari hiyo, na nyama hupangiwa daraja kuanzia 1 hadi 12. Kwenye vipande vya juu, shahamu hupita asilimia 30 ya mnofu.

Mbona ng'ombe wetu hana?

Anayo, ila hatuitazami. Ile nundu wengi hudhani ni mafuta matupu. Ikate kwa kisu kikali uiweke kwenye mwanga: utaona nyuzi nyekundu, na kati yake shahamu imelala tabaka kwa tabaka. Ule ni msuli wa bega. Ndiyo maana mishkaki ya nundu haikauki motoni. Paja la ng'ombe huyohuyo sasa, jekundu tupu, na kama ni dume lililozeekea kwenye gari la ng'ombe utalitafuna mpaka taya ziume. Mbegu, umri, chakula na kazi, vyote vina fungu lake. Wagyu hulishwa nafaka miezi mingi na hendi popote. Wetu anashinda na majani na kamba.

Nikila shahamu hiyo, itahamia kwenye misuli yangu?

Haihami hivyo. Tumbo huyavunja mafuta, damu huyachukua, mwili ukatumia unayoyahitaji na kuweka akiba yaliyozidi. Akiba hiyo inaweza kutoka kwenye nyama, kwenye soda, kwenye mandazi ya asubuhi au wali wa nazi wa mchana. Mwili hauulizi asili yake. Nyama yenye shahamu nyingi ina neno lake, kwa sababu mafuta yanayoganda hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu, lakini hilo ni suala la moyo na mishipa.

Basi binadamu naye ana mistari?

Anayo, na hapa ndipo daktari wa mifugo na daktari wa watu wanapokutana. Mwaka 2010 makundi mawili ya watafiti, moja la Japani na jingine la Kanada, yalieleza seli fulani zinazokaa kati ya nyuzi za misuli ya panya. Msuli ukijeruhiwa, seli hizo husaidia ukarabati. Ukarabati ukienda kombo, au msuli ukikaa bila kazi, zinaweza kugeuka kuwa seli za mafuta. Mfugaji anatamani zigeuke. Mimi nalipwa ili zisigeuke.

Mimi mwembamba. Yananihusu?

Aliyeuliza hivi ni mzee mmoja, mshipi wake una matundu ya kuongezea kwa misumari. Yanamhusu sana. Unene unaonekana kiunoni, lakini msuli unaweza kupungua huku mafuta yakichukua nafasi yake, na paja likabaki na umbo lilelile kwa nje. Watafiti wa Marekani waliwazuia vijana wenye afya wasikanyagie mguu mmoja kwa wiki nne, kisha wakapima. Matokeo yalitoka mwaka 2007: mafuta kati ya misuli yaliongezeka kama asilimia 15 pajani na 20 kwenye shavu la mguu. Wiki nne tu, na ni vijana! Mimi mgonjwa akifunguliwa plasta humwambia alinganishe mashavu ya miguu yake mwenyewe, kwa mikono. Mmoja mgumu, mwingine kama unga uliozidi maji. Hapo hatuna haja ya kubembelezana kuhusu mazoezi.

Yana uhusiano na sukari?

Upo. Baada ya kula, msuli ndio mlaji mkubwa wa sukari iliyomo kwenye damu, na insulini, homoni itokayo kwenye kongosho, ndiyo inayobisha hodi. Mabaki fulani ya mafuta yakijaa ndani ya nyuzi, hodi haisikiki vizuri. Lakini kuna kioja. Mwaka 2001 mtafiti Bret Goodpaster na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walionyesha kuwa wanariadha wa michezo ya masafa marefu wana matone mengi ya mafuta ndani ya nyuzi, mengi kama ya wenye kisukari, na insulini yao inafanya kazi barabara. Tofauti ni kwamba mwanariadha anayachoma kila siku na kuyajaza upya. Ghala lake lina mlango unaofunguka.

Nitajuaje kama ninayo?

Picha za CT au MRI, zile za mashine za hospitali zinazoonyesha ndani ya mwili, huonyesha. Usiende kuziomba kwa sababu hiyo tu. Kaa kwenye kiti bila kushika popote, kisha inuka. Au jitazame unaponyanyuka kutoka kwenye sujudu: mkono unaotafuta goti au ukuta unaeleza habari za paja. Mwenye dharura ya kuswali kitini aswali kitini, bila shaka, lakini aje pia tumwangalie.

Hutoka?

Kwa wazee, kuzuia ni rahisi kuliko kutoa. Katika utafiti wa mwaka mzima kwa watu wa miaka 70 na zaidi, waliotembea na kufanya mazoezi hawakuongeza mafuta pajani. Waliobaki kama walivyo waliongeza. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili. Bibi anayekaa kwenye mbuzi kukuna nazi na kuinuka mara kumi kwa siku ameshaanza. Anayeshinda barazani kwenye bao, mh.

Na nundu?

Kula, kidogo. Mwenye bucha alinifungia nusu kilo, nikaenda nayo nyumbani kwa miguu.