Watoto ishirini na asilimia zao

Matokeo ya darasa la sita yakitoka tu, simu yangu hujaa picha za orodha: skuli ipi imeongoza, ipi imeburura mkia. Kazi yangu ni takwimu za elimu hapa Pemba, kwa hiyo watu hudhani mimi ndiye nazifurahia orodha hizo kuliko wote. Mimi sisomi kichwa chake wala mkia wake mpaka nijue kila skuli ilikuwa na watahiniwa wangapi.

Kuna siku nilikaa kikaoni nikimtazama mwalimu mkuu wa skuli moja ya kisiwani, ya kufikwa kwa mashua, akiulizwa mbele za watu kimemsibu nini. Mwaka uliotangulia alipigiwa makofi. Mwaka ule akatakiwa ajieleze. Walimu walikuwa wale wale, madawati yale yale. Watahiniwa wake hawakuzidi ishirini.

Tupige hesabu, kwa mfano wa kutunga. Skuli ina watoto 20, na kila mmoja, kwa alivyofundishwa, ana nafasi 7 kati ya 10 ya kufaulu. Hapo mtoto mmoja ni asilimia 5. Mmoja akiamka na homa, mwengine akisoma swali vibaya, asilimia 10 zimeshakwenda. Mwalimu asipobadilisha kitu chochote, matokeo yake yatacheza, kwa miaka mingi, baina ya asilimia 50 na 90. Skuli ya mjini yenye watoto 200 wa uwezo ule ule itacheza baina ya 64 na 76 tu, kwa sababu homa ya mmoja humezwa na uzima wa wenziwe.

Ndiyo maana skuli ndogo hujazana ncha zote mbili za orodha. Jambo hili si letu peke yetu. Kule Pennsylvania, Marekani, wanatakwimu Wainer na Zwerling walizipanga skuli 1,662. Katika 50 zilizoongoza wakazikuta 6 ambazo ni miongoni mwa skuli 50 ndogo kuliko zote, idadi kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Wakatazama mkiani: 9. Aliyesoma kichwa peke yake angesema udogo ni dawa.

Kwa hiyo mwalimu wetu nilimwambia, "Mwalimu, orodha iache, nionyeshe daftari la mahudhurio." Akalileta limefungwa kwenye mfuko wa plastiki, maana mashua hurusha maji.

Fomu zetu huuliza jinsia, umri, na siku ngapi mtoto hakuja. Kutokuja kumepewa jina moja: utoro. Lakini katika daftari lile kurasa zilikuwa na mawimbi. Wiki nzima alama zimejaa, kisha siku tatu nne zina matundu, kisha zimejaa tena. Nikajaribu kuyalinganisha na siku za soko, haikuwa. Mwalimu alicheka. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika pembeni ya kila tarehe siku ya mwezi mwandamo, kama wanavyoandika chuo cha Kurani.

Matundu ya watoto wa kike yakakaa juu ya mwezi mosi, unapoandama, na mwezi kumi na tano, unapopevuka, na siku mbili tatu baada yake. Ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Mwani hushughulikiwa maji yakipwa sana, na huku kwetu siku za bamvua maji hutoka kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, katikati ya masomo. Mama yumo baharini anapigilia mambo, vijiti vya kushikia mwani, na kufunga kamba. Binti yuko naye, au yuko nyumbani anamshika mdogo wake. Skuli yenye mikondo miwili mtoto wa mchana huponea. Skuli ndogo ina mkondo mmoja, na mkondo huo ni wa asubuhi.

Watoto wa kiume wana mwezi wao. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka kazi hupungua. Kwa hiyo mwezi mpevu wavulana wapo darasani na wasichana wachache, na mwezi ukiandama wote wamepungua. Yule anayekuja baada ya usiku wa dagaa daftari linamhesabu yupo. Mwalimu anajua kwamba amelala.

Halafu kuna dago. Baba akihama na nyavu zake kwenda kupiga kambi pwani nyengine, pengine mtoto hufuata, akirudi darasa limemwacha mbali. Akirudi ataandikwa darasa lile lile, ndiyo maana darasa la sita la skuli hii unamkuta wa miaka kumi na moja amekaa na mwenye sauti nzito na ndevu zinazochipua. Asiporudi, asilimia hupanda. Tuseme walianza darasa la kwanza 30, wakafika mtihanini 20, wakafaulu 18. Bango litaandika asilimia 90. Ukiwahesabu wote walioanza, ni asilimia 60. Wale kumi hawamo katika orodha yoyote ninayotumiwa kwenye simu.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba. Ile ya 2012 ilikuwa na 406,848. Kwa ongezeko hilo skuli nyingi zimefurika, na ni kweli zinastahiki kushughulikiwa. Lakini zile za vijisiwani hubaki na viti vyao ishirini na hupimwa kwa kipimo cha zilizofurika. Mimi ningependa matokeo yao yajumlishwe ya miaka mitatu kabla hajaitwa mtu kujieleza. Nimelisema hili kikaoni mara mbili. Mara ya pili waliandika.

Mwalimu sasa daftari lake lina safu ya wino mwekundu. Majaribio yake ya ndani huyaweka siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, na kipindi cha Hisabati amekivuta kikawa cha kwanza, kabla maji hayajatoka. Wiki iliyopita tulitumiwa ratiba ya majaribio ya pamoja. Aliipiga picha akanitumia bila salamu, si kawaida yake. Nikahesabu kwa vidole: Hisabati imeangukia mwezi kumi na sita, saa nne asubuhi.