Kwa nini majibu ya kuotesha mkojo huchukua siku tatu

Dirishani kwetu maabara malalamiko ni yale yale mawili: majibu ya kuotesha mkojo, yaani kukuza bakteria waliomo ili watambuliwe, yanachelewa, na sampuli "zinakataliwa bila sababu". Sababu ipo, tena ni moja kwa yote mawili. Bakteria ni viumbe hai, na wanakula.

Tukipaka mkojo kwenye sahani ya agari, jeli yenye chakula cha bakteria, na kuiweka ndani ya inkubeta, kabati la joto lenye nyuzi 37, bakteria hawaanzi kuzaana papo hapo. Kwanza hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja chakula kipya walichokikuta. Wakishazoea, Escherichia coli, ambaye ndiye kinara wa maambukizi ya njia ya mkojo, hujigawa takriban kila dakika 20. Hata hivyo macho hayamwoni mpaka wawe mamilioni na kufanya koloni, kijidoa cha ukubwa wa kichwa cha pini. Hiyo ni kazi ya saa 18 hadi 24, na haina mkubwa wa kupigiwa simu.

Kesho yake tunasoma mlo wao. Agari ya MacConkey ina sukari ya laktosi na rangi inayogeuka ikikutana na tindikali. E. coli huchachusha sukari hiyo, hutoa tindikali, na koloni zake hugeuka waridi iliyokolea. Salmonella, bakteria mwingine, kwa kawaida haigusi. Koloni zake hubaki bila rangi. Au tunachota koloni kwa kijiti, tunaiweka juu ya kioo na kuidondoshea haidrojeni peroksaidi: bakteria wa kundi la stafilokoki huchemka povu, wa kundi la streptokoki hutulia tuli. Darubini peke yake haitoshi, jamani. Huonyesha umbo, haisomi jina.

Usiku wa pili ni wa dawa. Bakteria husambazwa kwenye sahani nyingine na kuwekewa vikaratasi vyenye antibayotiki, tuone ipi inawazuia. Hapo ndipo siku ya tatu inapofika. Bakteria wa kifua kikuu, anayejigawa mara moja kwa saa 15 hadi 20, huweza kutuweka hadi wiki nane.

Sasa kuhusu kukataliwa. Mkojo uliokaa joto la chumbani zaidi ya saa mbili haupokelewi, isipokuwa umetunzwa kwenye jokofu, ambako tunauruhusu hadi saa 24. Bakteria 1,000 wakijigawa mara saba ni 128,000. Wakiwa kwenye joto na chakula kizuri, hiyo ni saa mbili na dakika 20. Joto la chumbani huwapunguzia mwendo, haliwasimamishi. Kwa kuwa bakteria 100,000 kwa mililita ni kiwango kinachotumika sana kutambua maambukizi, chupa iliyosahauliwa mezani inaweza kumpa ugonjwa mtu mzima wa afya. Chupa inayovuja, isiyo na jina, au yenye jina lisilolingana na fomu hurudishwa pia, na sampuli hutolewa upya.

Aliyekwisha kumeza antibayotiki aseme. Dawa inaweza kuwadumaza bakteria, tukaandika "hakuna ukuaji" ilhali maambukizi bado yapo. Fomu ina nafasi ya jina la dawa na siku ulipoianza. Na saa inayoandikwa hapo ni ile uliyokojoa, si ile uliyofika mapokezi.